Mpangaji wa Chumba cha Uani

Alikuja Tukuyu na sanduku moja na miavuli miwili,
kana kwamba kuna aliyemdokeza habari zetu.
Akalipa kodi ya miezi sita, akaomba kioo kirefu.
Nikamwambia kilichopo ni cha kunyolea, cha marehemu.
Akakitumia hicho, akijitazama kipande kipande:
leo kidevu, kesho sikio.

Gerald Thornby. Sokoni wakamgeuza Mwatonibi,
kwa sababu ukimaliza Rungwe msimu mmoja wa viazi
lazima uwe mwana wa mtu.

Miaka arobaini, alisema, kazi yangu ilikuwa watu wengine.
Jukwaani: mfalme mara mbili,
askari wa mlangoni kwa mfalme mara kumi na tisa.
Kwenye televisheni: inspekta anayefika maiti imeshapoa,
daktari wa sentensi moja, "Tumejitahidi, mama,"
na mwaka mzima mchungaji
aliyependa chai kuliko kondoo wake.
Kwenu wanakukumbuka?
"Wananisimamisha barabarani. Wanasema, wewe si yule?
Kisha wanataja jina la mwenzangu."
Nikamwongezea ndizi.

Jumamosi, ukumbi wa parokia, aliwafunza vijana kuanguka.
Kuanguka tu. Goti, nyonga, bega, kisha kimya.
"Mkono uache ulipotua. Maiti hajikuni."
Ambokile wangu akafa kizingitini wiki nzima
huku nikimruka na sufuria la moto.

Halafu akafa Tusajigwe wa nyumba ya pili, akafa kweli,
goti halikumsaidia.
Tulikaa juu ya majani ya migomba, ukungu umetufika viunoni,
naye akaingia na koti jeusi la kazini,
kolani bado poda ya uso wa mtu asiyekuwepo.
Akalia.
Akalia kuliko wakwe, kuliko mwenye deni la marehemu.
Wanawake tukatazamana pembeni mwa khanga:
huyu analia, au yuko kazini?

Usiku akagonga mlango wa jikoni, analowa,
miavuli yote miwili kaisahau msibani.
"Mama Ambokile. Nilizidisha?"
Nikasema, kidogo. Pale mwishoni.
Akaitikia kwa kichwa, taratibu,
kama fundi anayeonyeshwa mshono ulioachia.
"Sikujua pa kuishia," akasema.
"Siku zote yupo mtu wa kushusha pazia."

Mimi pazia sina. Nilikuwa na taulo
na moto uliobakia nusu.
Nikamsogezea kigoda.
Uso ule, bila kioo, sikuujua ni wa nani,
wala sikuuliza.
Mvua ikapiga bati hadi karibu na alfajiri,
hatukusema neno la maana,
na viazi vikaungulia chunguni.