Moyo wa Nani

Mwaka wa kwanza, chuoni Tabora mjini,
niliandika kurasa nne juu ya TEHAMA darasani.
Nilisema chaki ni zama za mawe,
ubao ni ukuta uliopakwa masizi,
na mwalimu asiye na skrini
ni fundi aliyesahau nyundo nyumbani.
Mkufunzi Kasubi alinipa kumi na saba kati ya ishirini,
akaandika pembeni, wino mwekundu:
*Umewahi kufika Ipole?*
Nikadhani ananitania.

Mazoezi ya kufundisha, wiki nane. Nikafika Ipole.
Darasa la sita: watoto themanini na mmoja,
madawati ishirini na mawili,
na mimi, na tableti moja
iliyotokana na madumu mawili ya asali ya mama,
nimeiviringisha kwenye kitenge kama kichanga.

Andalio la somo: mzunguko wa damu.
Zana: video, dakika nne.
Moyo mwekundu, unafunga, unafungua.
Wa mbele waliuona.
Wa katikati waliona dirisha likimeremeta juu ya kioo.
Wa nyuma waliona visogo.
Kisha mkono ukanyooka, wa Shija, mdogo wao Kulwa na Doto:
"Mwalimu, huo moyo ni wa nani?"
Ni mchoro tu, Shija.
"Sasa mbona unadunda?"
Darasa likaangua kicheko.
Asilimia nane. Asilimia nne.
Giza.

Kesho yake niliingia mikono mitupu.
Kiganja kifuani. Tulieni. Hesabuni.
Tukatoka mbio kuzunguka mlingoti wa bendera mara tatu,
tukahesabu tena, tunahema,
na pampu ya baiskeli ya mwalimu wa zamu
ikawa ventrikali ya kushoto.
Vumbi la chaki lilinilalia kwenye nyusi.
Usiku ule, kwa mwanga wa kibatari, niliandika:
*Vioo ni ulaghai. Nimetubu.*
Nikapiga mstari chini, mara mbili,
kama mlokole wa juzi.

Toba yangu ilidumu siku kumi na moja.

Nyamizi hukaa dawati la kwanza na kofia yake pana;
ngozi yake hailijui jua, na jua halimhurumii.
Huyo hajui kusoma, waliniambia ofisini,
usipoteze muda.
Nilimkuta wakati wa mapumziko, peke yake,
shavu limegusa daftari la jirani,
ananakili herufi moja moja
kama mtu anayetafuta sindano kwenye mchanga.
Nikafungua kitenge.
Nikalitanua neno kwa vidole viwili
mpaka likajaza kioo kizima:
*mshipa*.
Akalisoma.
Akanyamaza. Kisha akavuta mwenyewe, likaja jingine,
na jingine, akisoma haraka haraka
kama mwenye njaa anayehofia sahani itaondolewa.
Miaka sita ubao wetu, huu niliourudia kwa machozi,
kwake ulikuwa
ukuta uliopakwa masizi.

Alhamisi Kasubi anakuja na fomu.
*Eleza mtazamo wako juu ya teknolojia katika ufundishaji.*
Wameacha mistari mitano.
Nimeandika, nimefuta, nimeandika,
karatasi imetoboka pale penye neno *mtazamo*.

Sasa nipo kwenye mashine ya kusaga ya Lugembe,
shilingi mia tatu mpaka ijae,
waya wangu umesongamana na simu kumi na mbili za watu,
unga umenitua mpaka kwenye kope.
Asilimia thelathini na moja.
Nyamizi ameleta debe la mahindi la mama yake.
Haniulizi kitu. Ameinama tu karibu na kioo,
anaangalia ile namba ikipanda.
Na Shija, mlangoni, gunia tupu begani,
ananitazama kama mtu
anayenidai.