Dishi Limeshuka

Jumamosi hiyo nilipanda juu ya mabati
na ufunguo namba kumi na tatu, nikalilegeza dishi.
Miaka tisa lilikuwa limeinua uso
kuelekea mahali fulani mbinguni tusipopaona,
likituletea, kwa dola ishirini na nne kila mwezi,
mapanga, mabusu, na wauza sabuni wa nchi nyingine.
Bolti mbili zilikuwa zimeliwa na kutu.
Ya tatu ilinikata kidole.

Chini, mke wangu kashika ngazi, hasemi.
Zihindula kasimama uani kwake kama aliyekuja msibani:
"Na mpira, Mugisho? Mpira utautazamia wapi?"
Sikuwa na jibu.
Mpaka leo sina.

Ni kwa sababu ya Ciza. Ana miaka sita.
Usiku mmoja, kijiko mkononi, alimwuliza bibi yake
kama mtu akipigwa risasi ya kifua
huanguka chali au kifudifudi.
Bibi yake, ambaye anajua,
aliinuka mezani akatoka nje
na sombe ikapoa.

Basi tukaleta kompyuta ya shemeji, kuukuu,
herufi N imeng'oka, inaunguruma kama paka mwenye mafua,
na diski ndogo kuliko kipande cha sabuni,
na betri ya gari kwa usiku wetu wa Ndendere
ambao umeme huja kama mgeni: unasalimia, unaaga.
Nsimire akachambua filamu kama mchele kwenye ungo,
hii jiwe, hii jiwe, hii tupike:
katuni za kobe, hesabu za darasa la tano,
mzee mmoja anayetengeneza saa na hazungumzi kabisa
(huyo Ciza humtazama mpaka asinzie).
Kule Nyawera kijana Birindwa alitutolea ukungu
kwenye kaseti nne za harusi yetu.

Zamani tuliingoja televisheni.
Ugali uliivishwa haraka, sala ilifupishwa,
mgeni alikaribishwa kwa jicho moja.
Sasa yenyewe inangoja.
Mtu akibisha hodi, farasi anasimama,
mguu mmoja hewani, vumbi halianguki,
mpaka mgeni anywe chai yake yote.

Na dishi? Mama mkwe ameligeuza,
anaanikia sambaza juani.
Paka hulizunguka kutwa nzima
akitafuta chaneli.

Jumapili ya pili tuliweka harusi.
Mvua ya Bukavu ilipiga mabati, hotuba hatukuisikia.
Si hasara, ilikuwa ya mjomba wangu.
Dakika ya arobaini na moja, nyuma ya keki, pembeni,
anapita msichana na kreti ya soda kichwani,
anacheka na mtu ambaye kamera haikumfikia.
"Simamisha," alisema mke wangu.
Nankafu.
Mdogo wake, aliyekwenda Shabunda kununua mawese
na hata kitenge chake hakikurudi.
Picha zake zote zilikwenda na nyumba ya Kadutu
usiku mlima ulipoteleza.
Tulikuwa nayo miaka yote hii, kaseti,
chini ya kitanda, ndani ya gunia la viatu.

Hakulia. Alisogeza kiti.
Alisema tu kwamba ile blauzi ni yake,
na kwamba aliiazima bila kuomba.

Ndipo umeme ukakata, na betri
nilikuwa nimesahau kuichaji.
Gizani, sauti ya Ciza:
"Mama mdogo bado amebeba kreti humo ndani?"
"Inakumbuka tulipoishia," Nsimire akamjibu.
Kimya. Mvua. Kisha mke wangu,
kama anayepanga kazi za nyumbani:
"Kesho tutamwacha apite, akaitue."

Upande wa pili wa ukuta jenereta ya Zihindula
ilikohoa ikawaka, wanaume wakapiga kelele: goli!
Sikuuliza la nani.
Nilitaka sana kuuliza.