Ile Ndefu

Kadutu, pale ngazi za udongo zinapoanza kushuka sokoni,
Mugisho ana chumba cha mabati na televisheni nne,
na jenereta inayokohoa tangu asubuhi.
Franka mia tano, dakika ishirini.
Umeme ukikatika katikati ya vita, anakuonyesha ubao:
HELA HAZIRUDI.

Mimi huja Jumamosi, makaa ya mama yakiisha mezani.
Vidole vyangu bado vyeusi.
Wavulana huchagua bunduki zinazotapika,
risasi thelathini kwa pumzi moja,
wanatoboa ukuta, mapipa, mbwa wa watu.
Mimi huchukua ile ndefu, ya mdunguzi,
inayobaki rafuni wote wakishachagua.

Niisifu kwanza,
kama wajomba wanavyomsifu ng'ombe wa mahari
kabla hawajamgeuza upande wa pili.

Inafika mbali. Toka mnara wa kanisa hadi darajani,
na aliye kule hajui kwamba ameshaitwa.
Haibembelezi: kichwani moja, kifuani mbili.
Darubini yake huivuta dunia mpaka puani,
nahesabu vifungo vya shati la adui.
Halafu kuna kitufe cha kushoto.
Ukikibana, unabana pumzi,
na mkono unaacha kutetemeka sekunde tatu.
Sekunde tatu za kimya!
Nyumbani tuko wanane, na ukuta mmoja.

Haya, mgeuzeni ng'ombe.

Ni nzito. Nayo nakimbia
kama mtu mwenye gunia kwenye ngazi za Kadutu,
na hilo silisimuliwi.
Kila risasi, vuta komeo, rudisha komeo,
klak, klak,
muda wa kutosha adui kuja kukuamkia.
Ina mdomo: ikilia mara moja
ramani nzima inajua unakolala.
Na jua la mchezo likiupiga uso wake, kioo kinameta.
Ashuza ameniua hivyo mara tatu,
akipiga kelele, "Nsimire, unawaka!"

Lakini kasoro yake kubwa haiko kwenye chuma.
Anayeona mbali hivyo haoni karibu.
Duara dogo la mwanga, kandokando giza.
Kikulacho hakiji kutoka darajani;
kinapanda ngazi za mnara, kiatu mkononi,
na kisu.

Jumamosi iliyopita kiti cha tatu kilikuwa na mgeni,
Cito, mpwa wa mke wa Mugisho,
wiki mbili tu tangu ashuke kwenye lori la mihogo.
Hakuna aliyemuuliza ametoka wapi,
wala yeye hakusema.
Nikamkuta darubinini.
Askari wake hakujificha. Alikuwa chini ya daraja,
anachutama, anasimama, anachutama,
uso kwenye maji.

Nikabana pumzi.
Moja.
Macho hayana pazia, nikaona hata kamba ya kiatu chake.
Mbili.
Nikafanya kosa ambalo mdunguzi hafanyi:
niliinua uso, nikatazama benchi.
Miguu yake haikufika sakafuni.
Ulimi nje, kidole kwenye kitufe kilekile.
"Haya maji," akamuuliza Mugisho, "hayachoteki?"

Tatu ikapita.
Kisu cha Ashuza kikanikuta mgongoni.
Chumba kizima kilicheka, nami nikacheka,
tukicheka hivyo jenereta ikakohoa mara ya mwisho
na televisheni zote nne zikafumba.
Kwenye giza mtu akasoma ubao kwa sauti, herufi kwa herufi.

Sitadanganya: Jumamosi ijayo nitaichukua tena.
Naipenda, na kasoro zake nazijua kwa majina.
Ila nitakaa kiti cha pili,
nimwonyeshe yule mtoto kitufe cha kushoto.
Asilenge mtu. Abane tu,
aone jinsi dunia inavyotulia.
Sekunde tatu.
Si haba.