Jua Lina Mdomo

Ghaniya, usianike juani.
Jua la Sib lina mdomo:
hunyonya kwanza kile usichokiona,
likakuachia jani na umbo lake na rangi yake,
kama mgeni aliyemaliza nyama
akarudisha sahani imefunikwa vizuri.

Nanaa ikate asubuhi, umande umekwisha kukauka,
jua bado halijapanda ukuta wa jirani.
Ukiiosha, ikung'ute sana,
kama mtu aliyetoka kutawadha akakosa taulo.
Funga vishada vyembamba.
Kishada kinene huoza moyoni
huku nje kinacheka.

Huko Nizwa, kwa shangazi yako Raya,
kamba moja ukumbini na siku tatu zinatosha.
Hapa pwani mwezi wa nane hewa yenyewe ni maji,
kioo cha dirisha kinatoka jasho kwa nje,
chumvi inagandamana kidauni.
Ndipo nikakichukua chumba cha Suud
tangu alipohamia Suhar kikazi.
Kitandani shuka safi,
juu ya shuka chandarua kikuukuu,
juu ya chandarua zaatari ya Jabal Akhdhar,
tawi mbali na tawi, zisigusane.
Mapazia nimeyafunga. Kiyoyozi kinavuma usiku kucha.
Ami yako ameishika bili ya umeme mkononi:
"Haya majani yanalala vizuri kuliko mimi."
Nikamwambia, wewe hukauki.

Usitazame, sikiliza.
Jani likivunjika kwa sauti, liko tayari.
Likijikunja kimya, bado lina maji,
na maji ndani ya chupa ni kuvu, mwanangu,
utakuja kukuta ndevu nyeupe.
Wala usilisage. Liweke zima.
Utalivunja siku ya kulinywa, birika likichemka,
si kabla.

Sasa nikwambie lililonifunza,
maana haya yote sikuzaliwa nayo.

Nilikuwa na chupa ya kioo cheupe
rafuni, juu ya jiko.
Miaka mitatu zaatari imo humo, kijani kibichi,
nami nikipika naitazama, naona nimejaaliwa.
Akaja kaka Thuweni, msimu wa baridi,
kifua kinakoroma kama gari lisilotaka kuwaka.
Nikamchemshia. Nikamimina kwenye kikombe cha wageni.
Akanywa chote.
Akasema, "Mungu akuzidishie, dada,"
akakohoa mpaka adhana ya alfajiri.

Asubuhi nikafungua ile chupa,
nikatia pua.
Karatasi.
Nikatia tena, macho nimefumba.
Karatasi, na mafuta ya kukaangia kwa mbali.
Ndugu yangu nimemnywesha maji ya moto,
naye kwa adabu zake akashukuru.
Alipona kwa dawa za hospitali
na mpaka leo hajanitajia.
Nyumba njema si mlango, walisema waliosema;
na mimi naongeza, chupa njema si kijani.

Basi iwe chupa nyeusi, au bati la maziwa ya unga
lililokaushwa mpaka ndani ya ukingo.
Kabati la chini, mbali na jiko, mbali na dirisha.
Usiliache wazi ukaenda kupokea simu,
nakujua.
Jina usijisumbue kuliandika, pua italijua.
Andika tarehe.
Mwaka ukizunguka, mwaga kwenye shina la mlimau,
usione uchungu. Mlimau hauna kikohozi.

Hii niliyomkabidhi dereva akuletee Ruwi
ni ya mwezi wa nne, nimeikausha mwenyewe.
Nimeifunga mara mbili, na uzi juu.
Dereva akikwambia gari zima limenukia mlima njia nzima,
mwombe radhi
kisha ufurahi.