Mkono wa Koti

Pale Igogo, nyuma ya duka la nyavu,
meza ya Nkwimba ina mteremko kidogo kuelekea ziwani.
Sote tunaujua. Mgeni huambiwa akishapoteza mia tano yake.

Sheria zimeandikwa kwa kalamu nene
kwenye ubavu wa boksi la sabuni, likapigiliwa ukutani:
Nyeupe ikizama, mwenzako anaichukua mkononi.
Anaiweka nyuma ya mstari, popote apendapo.
Haisogezwi kwa ncha ya fimbo.
Haipulizwi. (Hii iliongezwa baadaye, kwa ajili ya Bwire.)
Ukigusa mpira mwingine, faulo.
Na chini kabisa, herufi zikibanana kwa kukosa nafasi:
MDOMO SI REFA.

Usiku ule Bwire aliizamisha nyeupe.
Ilizunguka ukingoni mwa shimo
kama mtu aliyesahau alichofuata sokoni,
kisha ikaingia.
Nikaitoa tumboni mwa meza,
nzito, baridi, yai la bata kiganjani.

Ninyi ambao hamjawahi kuishika nyeupe kwa haki
hamjui.
Mimi napakia barafu kwenye malori ya samaki.
Naambiwa panda, napanda. Naambiwa subiri, nasubiri.
Hata chumba nilichopanga Mabatini
kitanda nilikikuta kishawekwa,
mguu mmoja umesimikwa kwa saruji.
Hakuna siku dunia iliniuliza:
Masalu, unataka uanzie wapi?

Basi nikajiuliza mwenyewe, na nikachelewa kujijibu.
Nikaiweka kushoto. Nikaitoa.
Nikaiweka katikati, nikainama,
nikaona nyekundu zangu mbili zimebanana kama wadaiwa.
Nikaitoa.
Nikaisogeza kulia, unywele mmoja,
nikachuchumaa hadi jicho likawa sawa na kitambaa.
"Unaweka mpira au unaweka msingi?" Bwire akasema.
Nikamwonyesha mstari wa mwisho kwenye boksi.

Sasa, koti.
Koti ni la kaka yangu Lugembe,
aliyekwenda Geita mvua za mwaka juzi
akaliacha kwenye msumari,
akisema huko chini ya ardhi kuna joto.
Mikono yake inanipita vidole vinne.
Nilinyoosha mkono mara ya tano, ya mwisho,
mahali penyewe kabisa,
na pindo likapita juu ya ile njano iliyolala karibu na mstari,
taratibu, kama unavyompangusa mtoto mdomo.
Njano ikatikisika. Haikwenda.
Ikatikisika.

"Faulo," akasema Nkwimba,
hajainua macho kwenye dagaa anaowachambua.
Nikasema: mkono wangu haukugusa.
"Nguo ni mwili."
Nikasema: nguo si yangu. Koti ni la Lugembe.
Kama ni faulo, ni ya Lugembe.
Watu wakacheka mpaka mbwa akatoka chini ya meza.
Nkwimba hakucheka. Akafuta mikono kwenye khanga.
"Lugembe yuko Geita. Akirudi nitamdai yake.
Hapa Igogo anapigiwa faulo aliye ndani ya koti."

Nikampa Bwire nyeupe.
Akakunja shati, mkono mmoja, mkono wa pili,
bila haraka, huku akinitazama,
akaiweka palepale.
Pale nilipopahangaikia mimi, pamoja na unywele wake.
Njano nne, halafu nyeusi.

Nje nilikunja mikono ya koti mara mbili.
Kwa ndani, kwenye mshono,
kulikuwa na vumbi la chaki, la buluu,
kuukuu, limegandamana na jasho.
Chaki ya Nkwimba ni ya kijani, tangu nimjue.
Nikasimama kwenye reli, taa za bandarini zikipepesa majini,
nikiwaza kaka alikuwa akiinamia meza ya nani,
na kama naye aliwahi kupewa nyeupe
akazunguka nayo hivi, watu wakipiga miayo.

Kisha nikaikunjua mikono tena.
Kulikuwa na baridi,
na zamu ya barafu ilikuwa saa nane.