Hapo Tu

Nilipewa kopo la rangi nyeupe, brashi mbili,
na barua yenye mhuri: weka alama njia ya miguu
kutoka Kidabaga hadi ukingo wa msitu,
wageni waje watembee, wapumue, wasipotee.
Posho ya siku kumi. Buti nilijinunulia.

Siku ya kwanza nilimkuta Mgongolwa,
mgema ulanzi, amechuchumaa ananoa kisu.
"Msituni ni mbali?"
Akanyoosha kidevu. "Hapo tu."
Nikaandika daftarini: hapo tu.
Saa nne baadaye nilikuwa bado naipanda ile "tu",
na "hapo" hapajatokea.

Njia hii haijui kunyooka.
Inashuka kwanza kwenye viazi, matuta meusi
yanayonuka mvua ya jana,
inavuka kijito juu ya gogo lililoota uyoga,
inaingia kwenye mipaina, ambako hatua yako mwenyewe huisikii,
na inapotoka upande wa pili imelowa, iko peku,
ukungu umeishika mkono
kama mtoto anayepelekwa kliniki.

Kisha mianzi.
Kila chipukizi limekatwa ncha, limefungiwa mbeta mdomoni,
na shamba zima linadondosha, to, to, to,
kama nyumba kubwa ya paa bovu
ambayo wenyewe hawana haraka ya kuiziba.
Nyuki wamelewa tangu alfajiri.
Mgongolwa hupita asubuhi, hupita jioni,
ananyoa ncha unene wa ukucha, anamimina, anaondoka.
Miaka ishirini na saba.
Mguu wake wa kulia unaburuta kidogo,
ndiyo maana njia imechimbika upande mmoja.

Nikapaka mshale kwenye jiwe. Akautazama.
"Sasa hili jiwe linamwambia nani?"
"Wageni."
"Wageni hawana midomo?"
Akanimiminia mtogwa wa asubuhi ile, mtamu, usio na hatia.
Wa juzi akaninyima.
"Huo ni mkangafu. Ukiunywa
mishale yako yote itaelekea Dodoma."

Kwa Sekinyaga njia ilikuwa imehama.
Mwaka jana ilipita katikati ya shamba, mwaka huu inazunguka,
na yeye, jembe begani, hakuona cha kuelezea.
"Nimepanda njegere," alisema.
"Nikivuna itarudi. Njia ni kama mbuzi,
usipoifunga hulala kwa jirani."
Nilisimama na brashi inayodondoka,
sijui nipake ilipo au itakapokuwa.
Nikapaka kote kuwili.

Ukingoni mwa msitu njia haikomi, inapungua.
Ilikuwa ya watu wawili wanaoongea,
ikawa ya mmoja,
ikawa ya mbuzi, ikawa ya paa,
halafu ni mahali tu ambapo majani yanasita.
Mbega mmoja akanitazama kutoka msaulani,
akageuka, akanionyesha mgongo.
Hapo nilifunika kopo.
Nilikaa mpaka baridi ikaniingia mikononi,
na sikuandika kitu.

Siku ya kumi nilirudi kuhesabu.
Mishale niliyopaka: arobaini na mmoja.
Niliyoiona: thelathini na minane.
Nikatafuta kijitoni, nikatafuta kwenye mipaina,
nikamlaumu mtoto wa shule, nikalaumu mvua,
mpaka jua likainama na moshi ukaninong'oneza
kwamba kuna mtu anapika.

"Kamwene," alisema Sekinyaga bila kugeuka.
Jikoni kwake, mafiga matatu mapya,
kila figa na mshale wake mweupe,
masizi yameshaanza kuulamba.
"Mawe mazuri haya, hayapasuki motoni.
Na mtu ameyapamba."
Sufuria ilikuwa inatokota, viazi na njegere za kwanza.

Mishale yote mitatu ilielekea huko.
Nikavua buti mlangoni,
nikaifuata.