Kwa Taisto, kabla ya Jumatatu

Taisto, nimesikia. Ilmi kaniambia dukani,
kati ya maziwa na mkate wa shayiri, kwa sauti ya chini,
kana kwamba tezi dume ni mtu aliyesimama nyuma yetu kwenye foleni.

Sikuambii ujipe moyo. Moyo unao:
nilikuona kiwandani siku rola ilipomvuta Reijo mkono,
ukazima mtambo sisi wengine tungali tunapiga kelele.
Nakupa tu habari za njia,
maana nimekutangulia theluji mbili na nusu.

Sindano watakuchoma tumboni. Ni nene.
Tazama dirishani: kuna mti mweupe na kunguru mwenye hasira.
Kisha, wiki chache baadaye, litakujia joto,
usiku wa manane, bila hodi,
kama mtu kafungua tanuri kifuani mwako.
Mimi hutoka barazani na fulana,
digrii ishirini chini ya sifuri,
nikasimama nikifuka mvuke kama farasi.
Jirani alidhani nimerukwa na akili.
Siku hizi hunipungia mkono.

Utalia pia. Mimi nililizwa na tangazo la sabuni.
Dawa inaukausha ugonjwa, na kuna mengine inayakausha,
yale tusiyoyataja hata tukiwa uchi saunani.
Mwambie Ilmi. Usimwache abahatishe.
Mimi nilinyamaza miezi minne
na ule ukimya uliniuma kuliko nyonga.

Picha ya mifupa umeiona. Mimi nilivihesabu vile vidoa,
kumi na kimoja, nikavihesabu tena garini.
Daktari, binti mdogo mwenye mafua, alisema:
Hautaondoka. Lakini utalazwa.
Nikauliza, wodi gani?
Akacheka mpaka akakohoa. Si wewe, mzee. Ugonjwa.

Basi umelala. Huamka, hugeuka ubavu,
tunabadilisha dawa, unalala tena.
Namba yangu ya damu ilikuwa mia sita;
juzi imesomwa sifuri nukta tisa.
Sikuahidi kwamba yako itashuka hivyo.
Nasema imewahi kushuka,
kwa mtu wa kawaida, mla nyama ya kopo,
anayevaa soksi zisizofanana.

Jumatatu nakuja saa kumi na moja alfajiri.
Oulu ni mbali, na kulungu hawajui sheria za barabara.
Kahawa nitabeba. Si lazima tuongee.

Na Jumamosi, kama miguu inakubali,
wamekata shimo jipya ziwani, barafu unene wa mkono.
Maji tumekwisha kuyavulia nguo, Taisto,
hatukuulizwa.
Leta taulo lako. Langu dogo.

Oiva